Tupeane uzoefu: kinywaji cha mtoto Nairobi, kuanzia bomba la ploti hadi kopo la kakao

Mfungua uzi, Umoja

Wadau, shule zimefunguliwa na zile pakiti zenye picha ya embe zimerudi kwenye mikoba ya watoto. Tukusanye tunachokijua kuhusu vinywaji vya watoto, kwa vipimo na sababu. "Mpe tu vitu asili" haimsaidii mtu aliyesimama mbele ya rafu na shilingi hamsini mkononi.

Naanza na lebo. Upande wa mbele wa pakiti ni wa muuzaji, wa nyuma ndio wa sheria. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kinatangulia. Ukisoma "maji, sukari, asidi ya sitriki" kisha embe ndiyo ije, umenunua maji ya sukari yaliyopita karibu na mwembe. Maneno nayo yana maana yake: "juisi asilimia 100" haijatiwa sukari, "nekta" ni tunda lililozimuliwa na mara nyingi kutiwa sukari, na "kinywaji chenye ladha ya embe" kinaweza kuwa hakijaona embe kabisa.

Sasa hesabu. Kijiko kimoja cha chai cha sukari ni kama gramu 4. Lebo ikisema gramu 11 kwa mililita 100, chupa ya mililita 300 ina gramu 33, yaani vijiko vinane. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitaka sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya 5. Kwa mtoto anayehitaji kalori 1,400, asilimia 5 ni gramu 17 na nusu. Chupa moja tu imeshakula kipimo cha siku mbili karibu nzima. Watu wengi huteleza hapa: jedwali huandikwa kwa mililita 100, pakiti yenyewe ni 250, na mama anasoma ile namba ndogo.

Mama wa wawili, Donholm

Na zile zilizoandikwa "haina sukari"? Wangu wanazimaliza kama maji.

Mtu wa maabara ya vyakula, Industrial Area

Geuza hiyo pakiti utafute E950, E951, E954 au E955. Hizo ni asesulfamu, aspatami, sakarini na sukralosi. Kwa kiasi kidogo hazimdhuru mtoto papo hapo, ila zinaufundisha ulimi kwamba kinywaji lazima kiwe kitamu kupita tunda, na maji yanaanza kukataliwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri zisitumike kama njia ya kupunguza uzito, kwa watoto pia. Kuna kampuni zinazochanganya sukari kidogo na sakarini ili bei ishuke. Hizo ndizo nyingi kwenye vile vipakiti vya bei ya kadogo.

Kwenye skwoshi za kuzimua tazama rangi: E102, E104, E110, E122, E124 na E129. Tangu Julai 2010, bidhaa yenye mojawapo ya hizo ikiuzwa nchi za Umoja wa Ulaya lazima iandikwe kwamba huenda ikaathiri utulivu na umakini wa mtoto. Chupa yako ya hapa ikiwa na namba mbili tatu kati ya hizo, usishangae kukosa onyo hilo.

Vinywaji vya kuongeza nguvu sivijadili. Kopo la mililita 250 kwa kawaida lina miligramu 80 za kafeini, na lenyewe limeandikwa kwamba si la watoto. Shida ni kwamba vinauzwa kiosk kilichoegemea geti la shule.

Fundi wa maji, South B

Mnazungumzia pakiti, na kinywaji cha kwanza cha mtoto ni maji.

Mosi, kuchemsha. Nairobi iko kama mita 1,800 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka yakifika nyuzi 94 hivi. Inatosha. Yakianza kutokota kwa nguvu hesabu dakika moja, zima, funika. Kwenu Limuru, juu ya mita 2,000, ziwe tatu. Kutokota nusu saa ni kuchoma gesi bure. Ukitumia klorini ya chupa fuata kipimo cha lebo kwa mtungi wa lita 20, kisha ngoja dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Tope hula klorini, na vijidudu vinabaki salama ndani yake.

Pili, na hili wengi hawalijui: madini ya floridi. Ploti nyingi mjini zinategemea kisima kirefu au bouza (lori la maji) iliyojazwa kisimani, na mawe ya volkano chini yetu hutoa floridi kwenye maji. Kiwango cha juu kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto aliye chini ya miaka minane akinywa maji yaliyozidi hapo kwa miaka, meno yake ya kudumu huota na mabaka meupe kama chaki, kisha mistari ya kahawia. Yakishaota hivyo, mswaki hausaidii.

Kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke, floridi inabaki palepale, kwa hiyo unaizidisha. Klorini haiigusi, na chujio la mshumaa wa kauri haliigusi. Kinachoiondoa ni mtambo wa osmosisi, unaosukuma maji kupitia utando mwembamba sana, au chujio la mkaa wa mifupa. Mwombe mwenye nyumba karatasi ya maabara ya kisima na usome mstari mmoja tu wa floridi. Ikiwa ni 3, changanya nusu kwa nusu na maji ya mvua, ambayo karibu hayana floridi, utashuka hadi 1.5. Mvua ya dakika kumi za kwanza iache imwagike, hiyo inaosha vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati. Na hata ya kuchanganya, ichemshe.

Muuza maziwa, Kangemi

Maziwa ya ng'ombe ndiyo kinywaji cha pili baada ya maji kwa mtoto aliyetimiza mwaka. Kabla ya hapo maziwa ya mama yasiondolewe nafasi yake, na miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Baada ya mwaka, kikombe kimoja na nusu hadi viwili kwa siku vinatosha. Mtoto anayekunywa lita nzima hushiba, hali nyama wala mboga, na damu inapungua.

Ya mashine za mtaani na ya kupimiwa kwa kikombe, yachemshe hata ukiambiwa yalishapitishwa kwenye moto. Homa ya brusela na kifua kikuu hupita kwenye maziwa mabichi. Yakipanda, punguza moto, koroga dakika mbili tatu, kisha tia sufuria kwenye karai la maji baridi. Kuyaacha jikoni yapoe polepole ndiko kunakoyaharibu kabla ya jioni.

Kuhusu maji kutiwa kwenye maziwa: laktomita, kifaa kinachopima uzito wa maziwa, husoma kati ya 28 na 32 kwa maziwa mazima. Maji huishusha. Lakini mjanja akitoa krimu kwanza, kipimo hupanda, kisha akitia maji kinarudi palepale, na wewe unaona 29 safi kabisa. Basi tazama pia utando wa mafuta baada ya kuchemsha na kupoza. Ukiwa mwembamba kama wa chai, kuna kitu.

Kipimo kingine cha nyumbani ni mala, yaani maziwa ya kuganda. Chemsha lita moja, poza hadi kidole kihisi uvuguvugu tu, tia vijiko vitatu vya mala hai isiyo na sukari, funika, usitikise. Kwa saa 12 hadi 18 yanaganda. Julai baridi ikikaza, funga sufuria kwa blanketi au yatachukua siku nzima. Yakikataa kuganda na mala uliyotia ilikuwa nzima, shuku dawa ya ng'ombe au kemikali ya kuyazuia yasichache, badilisha muuzaji. Yakivutika kama ute au yakiwa na rangi ya waridi, mwaga. Maji ya njano yenye ukijani kidogo juu si ubovu, ni joto lilizidi au yamekaa sana; koroga unywe.

Mama wa wawili, Donholm

Yogati ya stroberi inaandika gramu 13 za sukari kwa mililita 100. Hiyo yote ni ya kuongezwa?

Muuza maziwa, Kangemi

Toa 5. Maziwa yenyewe yana karibu gramu 5 za sukari yake kwa kila mililita 100. Hapo waliyoongeza ni 8, vijiko viwili kwa kila nusu kikombe. Hesabu hiyohiyo hufaa kwa maziwa ya chokoleti.

Msagaji wa posho mili, Kayole

Uji ndio kinywaji cha bei nafuu kuliko vyote na ndio unaoharibiwa zaidi. Naletewa hapa debe lenye nafaka saba, njugu karanga, soya na omena, vyote visagwe pamoja. Usifanye hivyo. Njugu na omena zina mafuta, unga unachacha ndani ya wiki chache. Njugu moja yenye ukungu ukiisaga huioni tena, na sumu ya aflatoksini haiondoki kwa kupika. Soya mbichi inahitaji moto mwingi kuliko wimbi, kwa hiyo uji unaiva na soya bado, tumbo la mtoto linajaa gesi. Saga wimbi peke yake au na mahindi safi. Njugu chambua kwa mkono, zilizosinyaa na zenye rangi ya ajabu tupa, kaanga, saga kidogo ya wiki moja, tia kijiko kwenye uji ulioiva.

Kipimo: vijiko vinne vikubwa vya unga, kama gramu 40, kwa nusu lita ya maji. Koroga unga kwa maji baridi kwanza, mimina kwenye yanayochemka, pika dakika 15.

Mtoto mdogo tumbo lake ni dogo, uji mwepesi unamjaza maji. Tumia kimea. Loweka wimbi saa 12, chuja, funika kwa kitambaa chenye unyevu siku mbili, anika juani hadi ikauke kabisa, sugua vichipukizi vitoke, saga. Pika uji mzito wa gramu 80 kwa nusu lita, uache upoe kidogo, usiwe wa kuchemka, tia kijiko cha chai cha unga wa kimea, koroga. Ndani ya dakika kumi ule ugumu unalegea hadi unanyweka kwa kikombe, na chakula ndani ni mara mbili. Urudishe motoni utokote tena, maana kimea huja na vijidudu vyake. Ukikitia kwenye uji unaochemka hakifanyi kazi, moto umekiua. Kimea cha mtama nakikwepa kwa watoto: vichipukizi vyake vina sumu ya sianidi.

Mwenye kibanda cha juisi, Ngara

Nami nitetee tunda. Pasheni kumi, kata, kamua kwa kijiko kwenye chujio, usizipige na mbegu kwenye blenda. Mbegu zikivunjika juisi inakuwa chungu, na watu wanaficha uchungu kwa sukari. Ongeza ndizi moja iliyoiva au embe dodo, lita moja ya maji yaliyochemshwa, basi. Msimu wa embe za Makueni unapofika hutahitaji hata ndizi.

Ukwaju: gramu 100, lita moja ya maji ya moto, nusu saa, finyanga, chuja. Ubuyu: vijiko viwili vikubwa vya unga mweupe kwa nusu lita ya maji ya kawaida, tikisa. Usiuchemshe, vitamini C itapotea. Nasema unga mweupe mkavu, sio ule ubuyu mwekundu wa kumung'unya. Ule ni sukari na rangi.

Daktari wa meno, Parklands

Juisi ni juisi hata ikitoka Ngara. Chini ya mwaka mmoja hapana. Mwaka mmoja hadi mitatu isizidi mililita 120 kwa siku, minne hadi sita 180, wakubwa 240. Inywewe pamoja na chakula kwa mkupuo mmoja. Chupa ya chuchu inayobebwa kutwa nzima huharibu meno kuliko glasi moja ya soda, na kulala nayo mdomoni ndiko kunakotuletea meno manne ya mbele yaliyooza. Asali chini ya mwaka mmoja pia hapana. Na chai ya maziwa ikinywewa pamoja na ndengu inazuia mwili kupokea madini ya chuma, iache kando saa moja.

Mnunuzi wa duka la ushirika, Kilimani

Upande wa haki za watu. Kopo la kakao ndilo lenye kesi kubwa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa 2020 ulikadiria watoto milioni 1.56 katika kazi za kakao Ghana na Côte d'Ivoire msimu wa 2018/19. Alama ya Fairtrade huweka bei ambayo mkulima halipwi chini yake na malipo ya ziada kwa ushirika wa wakulima. Ile ya chura ya Rainforest Alliance inasimamia zaidi namna ya kulima. Hakuna inayothibitisha kwamba hakuna mtoto shambani, ila zote zina mtu wa kuulizwa. Kwa pesa, nunua kakao tupu isiyo na sukari: kijiko kimoja cha kakao na kimoja cha sukari kwa mililita 200 za maziwa. Ile "chokoleti ya kunywa" kiambato chake cha kwanza kwa kawaida ni sukari.

Kesi ya pili ni maziwa ya unga ya watoto wachanga. Kanuni ya kimataifa ya 1981 na sheria ya Kenya ya 2012 zimebana utangazaji wake. Kwa hiyo kampuni hutangaza yale ya "mtoto anayekua", kopo linafanana, namba tu imebadilika. Mtoto wa mwaka mmoja anayekula vizuri hayahitaji. Anayehitaji ya unga kwa sababu za hospitali, maji yawe angalau nyuzi 70, yaani yaliyochemka yasikae zaidi ya nusu saa, kwa sababu unga wenyewe haujaondolewa vijidudu vyote. Vijiko kama lebo inavyosema. Kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi kunamdhoofisha mtoto huku akionekana ameshiba. Yaliyobaki kwenye chupa baada ya saa mbili, mwaga.

Mama wa wawili, Donholm

Swali la mwisho. Uji nautia kwenye chupa ya chai saa kumi na moja alfajiri, saa nne unanukia vibaya.

Msagaji wa posho mili, Kayole

Unautia ukiwa umeshapoa ili asiungue, sio? Uvuguvugu wa saa tano ndio vijidudu wanautaka. Suuza chupa kwa maji yanayochemka, iache nayo dakika tano, mwaga, mimina uji ukiwa unatokota hadi juu bila nafasi ya hewa. Maziwa usitie. Mfunge kikombe chenye mdomo mpana kando, atamimina na kuupoza mwenyewe. Na angalia ile raba ya kifuniko: ing'oe usiku, nyuma yake ndiko uji wa jana umejificha.