Nimeuziwa "daunihili" Mwanjelwa, imenivunja mkono Kawetere. Acheni kudanganya watu na shokapu mbili!

Wakuu, naandika kwa mkono mmoja. Wa kushoto una plasta mpaka karibu na kiwiko, kwa hiyo anayesubiri nijibu haraka haraka asubiri sana. Na mods naomba msiuhamishie uzi huu jukwaa la michezo, wauzaji wako huku na ndio ninaotaka wausome.

Iko hivi. Mwezi wa saba, hapa Mbeya, nilikuwa natafuta baiskeli ya kushukia milima, ile wanayoiita daunihili. Siyo ya kwendea sokoni, siyo ya kubebea madumu, ya kushukia milima. Nilimwambia muuzaji hivyo hivyo, mbele ya mdogo wangu na dada wa chipsi wa jirani. Duka silitaji, ila wanaoijua Mwanjelwa wanazijua baiskeli za mtumba zinakopangwa. Jamaa akaingia ndani akanitolea dude moja jekundu: matairi manene, shokapu mbele, shokapu nyingine katikati ya fremu yenye springi nene kama ya bajaji, na ubavuni limeandikwa DOWNHILL kwa herufi ambazo mtu wa Uyole angezisoma akiwa amesimama Mafiati.

"Kaka, hizi ndizo wanazoshukia Ulaya. Shokapu mbili! Ikikusumbua irudishe hapa hapa."

Laki nne na themanini. Nikahesabu, nikatoa, na nikashukuru juu yake.

Jumamosi iliyofuata nikamkodi bodaboda, nikajipakia nyuma na baiskeli begani kama mtu aliyeiba ngazi, tukapanda barabara ya Chunya mpaka kule juu Kawetere, barabara inapokaribia mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mjini tuko kama 1,700. Kwa hiyo mtu akishuka mpaka nyumbani ameshuka mita 700 hivi. Ili mjue tunachozungumza: Fort William kule Uskoti, walikowahi kufanyia mashindano makubwa ya dunia, njia yao inashuka mita 555. Sisi mlima tunao. Hilo siyo tatizo letu kabisa.

Dakika tano za mwanzo nilikuwa najiona bingwa. Halafu nikaingia kwenye mizizi.

Shokapu ya mbele ikazama mpaka mwisho, kah! Ikarudi juu kama chura aliyekanyagwa. Ya nyuma ikaniinua tako hewani wakati gurudumu la mbele linatafuta njia ya kwake. Madereva wa boda watanielewa: shokapu ni springi na mafuta. Springi inabeba uzito, mafuta yanaituliza isirudi kwa fujo. Ya pikipiki ikishavuja mafuta mnasema imekufa, mnaipeleka kwa fundi. Hii yangu ilizaliwa imekufa. Ndani ni springi na kipande cha mpira, basi. Sasa wewe weka springi mbili za hivyo, moja mbele moja nyuma, uone zinavyogombania mwili wako kwenye mteremko. Ingekuwa na ya mbele peke yake ningekuwa salama zaidi, na hii ndiyo sehemu inayoniuma kuliko zote, kwa sababu nililipia ile ya nyuma kama nyongeza ya ubora.

Breki. Zilikuwa za diski, ndiyo, nyie wa "mbona ina diski mkuu" tulieni. Diski za waya, visahani vya mm 160, pedi nyembamba kama kadi ya simu. Kila baada ya kona nalazimika kuvuta zaidi, mpaka vidole vinagusa usukani na baiskeli bado inakwenda. Ikaanza harufu ile ile mnayoisikia malori yakishuka Iwambi. Ningekuwa na akili ningesimama hapo. Lakini mwenye laki nne na themanini zake begani hasimami.

Kilichonimaliza siyo hata jabali. Ni kingo ya udongo, kimo cha goti, pale wakata kuni walipochimba njia. Nikashuka nayo, gurudumu la nyuma likatua, nikasikia "tu!" kama kijiti kikavu. Gurudumu likalala upande, tairi likaganda kwenye fremu, mimi nikaendelea na safari peke yangu.

Kuna bibi alikuwa anashuka na mzigo wa kuni kichwani. Akasimama akaniangalia nilivyolala kwenye vumbi.

"Pole mwanangu. Hiyo baiskeli ni mbovu?"

"Hapana bibi, nimeinunua juzi."

"Haya. Basi mbovu ni wewe."

Akapita. Sijamkasirikia mpaka leo.

Fundi alipofungua habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, gololi zilimwagika kwenye turubai na ekseli ikatoka vipande viwili. Akanionyesha kitu ambacho nataka kila mtu humu akijue kabla hajatoa hela. Baiskeli za bei ya chini zina friwili, ile rundo la gia linalokazwa kwa kuzungushwa kama nati. Habu za namna hiyo, gololi za upande wa gia zimekaa ndani, mbali na fremu, kwa hiyo kipande kirefu cha ekseli kinaning'inia bila chochote cha kukishikilia, tena upande wenye mzigo mkubwa. Kwa kwendea kazini haina neno. Kwa mtu wa kilo 82 anayetua kutoka kimo cha goti, inapinda, siku moja inakatika. Habu zenye kaseti, yaani rundo la gia linalochomekwa juu ya habu badala ya kukazwa kama nati, gololi au beringi zinasogezwa nje karibu na fremu, ekseli inashikwa vizuri. Kwa macho ya haraka zinafanana! Ndiyo maana wanatuuzia.

Sasa nije kwenu mlionishauri mwaka jana "chukua yoyote yenye shokapu mbili mkuu, utashuka popote". Mmewahi kuiona ya kweli? Baiskeli ya daunihili shokapu yake ya mbele imekaa kama ya pikipiki, miguu inapanda mpaka juu ya shingo na kufungwa sehemu mbili. Inazama mm 200 mbele, na nyuma karibu hizo hizo. Yangu tulipima na rula ya mtoto wa fundi: mm 60, tena hapo imekandamizwa na watu wawili. Shingo ya ile ya kweli imelala, nyuzi 63 hivi, ili gurudumu la mbele liwe mbali mbele yako usipinduke. Yangu imesimama kama mlingoti wa bendera ya shule. Breki zao ni za mafuta, pistoni nne kwa kila gurudumu, sahani za mm 200 na zaidi. Hata matairi: kuta zimetengenezwa nzito makusudi, tairi moja kilo moja na ushee. Greg Minnaar wa Afrika Kusini mwaka 2013 alichukua ubingwa wa dunia nyumbani kwake Pietermaritzburg huku tairi la nyuma limeshatoka upepo karibu na mwisho, akaligonga gonga hivyo hivyo mpaka mstarini. Rimu yangu ingekuwa chapati.

Na nitasema jambo litakalowaudhi wale wenye hela zao humu: hata ukipata ile ya kweli, kwa Mbeya umepotea. Ile imetengenezewa viwanja vya milimani, kama Whistler kule Kanada, ambako unakaa kwenye kiti kinachoning'inia kwenye waya, baiskeli inatundikwa, mnapandishwa mpaka juu, unashuka, unapandishwa tena, siku nzima. Gia zake ni saba tu na hakuna hata moja ya kupandia. Lifti yetu sisi ni bodaboda, na bodaboda akiona baiskeli ya kilo 16 au 17 anaanza kukuhesabia abiria wawili. Akikushusha njiani, unasukuma. Kutoka Kawetere kurudi mjini kwenyewe siyo kushuka moja kwa moja, kuna vipande vya kupanda, na siku ukitaka kwenda mlima mwingine ndiyo utajua.

Kwa hiyo anayeniuliza sasa ningenunua nini, jibu ninalo na limenigharimu mfupa. Shokapu MOJA. Ya mbele, ya hewa, inayozama mm 130 mpaka 150, yenye ekseli nene ya mm 15 inayopenyezwa upande mmoja mpaka mwingine, siyo kile kijiti cha kufungulia kwa mkono. Nyuma chuma au alumini tupu, hakuna cha kuharibika. Breki za mafuta, habu ya kaseti, matairi ya inchi 2.4. Vitu vingine vyote, rangi, idadi ya gia, mwachieni mwenye duka ajisifie navyo.

Na dukani msione haya kukagua. Ikandamize shokapu ya mbele kwa nguvu uiachie ghafla: ikiruka juu na kupiga "tak", rudisha ilipotoka. Ikirudi kwa ustaarabu, endelea kuongea bei. Kaa juu yake na uzito wako wote, inatakiwa izame kama robo ya mwendo wake, siyo nusu na siyo kukataa kabisa kama benchi. Fuata breki kutoka kwenye mkono mpaka kwenye diski: ukiona waya wa chuma unatokeza mwishoni umefungwa na skrubu, hizo za waya. Muuzaji akisema "ni zile zile tu", mwambie apande nayo yeye Kawetere.

Hili la breki siyo geni hata kwao, maana msidhani wazungu walizaliwa wanajua. Mwaka 1976 kule Marin County, California, vijana walianza kushindana kushuka mlima kwa baiskeli kuukuu za breki ya kukanyaga nyuma. Habu zilipata moto mpaka grisi ya ndani inaungua na kutoa moshi, na wakifika chini lazima wafungue wajaze grisi upya. Mbio zenyewe zikapata jina kwa sababu hiyo, Repack, yaani kujaza upya. Yaani mimi mwaka huu, hapa Mbeya, nimelipa hela ya kisasa nikauziwa tatizo ambalo wenzetu waliacha kulivumilia kabla sijazaliwa.

Sasa sikieni ya mwisho. Fundi alikuwa anafuta vumbi kwenye fremu, pale ubavuni penye DOWNHILL. Kona ya stika ikanyanyuka. Akaivuta kwa kucha, taratibu, ikatoka yote kama ngozi ya nyanya iliyochemshwa. Chini yake kuna stika nyingine ndogo, ya kiwandani, imechubuka lakini inasomeka: picha ya baiskeli na namba 2.

Namba hizo zina maana. Watengenezaji wengi wakubwa hupanga baiskeli kwa madaraja: 1 ni ya lami, 2 ni ya lami na changarawe na isidondoke zaidi ya sm 15, 3 mwisho sm 61, 4 mwisho sm 122, na 5 ndiyo ya daunihili na viwanja vyake. Sentimita 15, wakuu. Ni ngazi moja ya barazani. Kuna mtu alikaa akaagiza stika, akaibandika juu ya onyo.

Nikaenda dukani na plasta yangu, fremu mkononi, mdogo wangu kabeba magurudumu. Jamaa akanipa pole, akanivutia kigoda, akaagiza hadi soda. Nikamwonyesha namba. Akaiangalia, akaisugua kwa kidole gumba.

"Sasa kaka, si ndiyo hiyo? Mbili. Shokapu mbili."

Hela hakurudisha. Anasema tuliuziana kama ilivyo, na kwamba ya kwake mbona haijawahi kumwangusha. Nilipomuuliza ya kwake ni ipi akaonyesha pikipiki.

Risiti sina, kwa mtumba nani anatoa risiti. Ila stika zote mbili nimezihifadhi, na dada wa chipsi yuko tayari kusema alichosikia. Anayejua pa kuanzia kupeleka malalamiko ya namna hii hapa mjini anielekeze, maana nikisimulia watu wanacheka kwanza. Na kama kuna mtu wa Iringa au Njombe anauza ile niliyoieleza hapo juu, ya shokapu moja, aje PM na picha ya habu ya nyuma na ya stika chini ya fremu. Akiandika neno daunihili hata mara moja, sijibu.