Bacula inaomba volyumu ya Stanley ndani ya diski ya Baker: nirekebishe vipi?

kahawa_na_kebo (Kasese)

Wakubwa, habari za jioni.

Nasimamia kompyuta za chama cha akiba na mikopo cha wakulima wa kahawa hapa Kasese. Makao makuu yako mjini, matawi yako Bwera na Kisinga. Seva ni moja ya Debian (Linux) inayoendesha Bacula, programu ya bekapu, na bekapu zinaingia kwenye diski mbili za USB za TB 4 kila moja. Nimezipa majina ya milima yetu, Stanley na Baker. Moja inabaki ofisini, nyingine inalala Fort Portal, na kila Ijumaa zinabadilishana kwa teksi. Kwa nini Fort Portal? Anayeishi huku haulizi. Mto Nyamwamba ulifurika 2013, na Mei 2020 ukaja tena ukabomoa hospitali ya Kilembe. Bodi yetu ilipitisha nauli ya diski bila mjadala.

Nilimkuta mtangulizi wangu ameshaondoka, ameacha karatasi ukutani: "Diski ikijaa, futa faili za zamani kwa rm." (Hiyo ni amri ya Linux ya kufuta.) Sasa nina matatizo ambayo nadhani ni ndugu:

Wiki iliyopita mhasibu aliomba leja ya Bwera ya mwezi uliopita. Stanley ilikuwa imechomekwa. Nikaandika `restore`, nikachagua faili, kisha Bacula ikaniambia iko tayari kusoma volyumu Stanley-0007 (volyumu ni faili kubwa ambamo Bacula huhifadhi bekapu), ila niiweke kwenye kifaa Baker, `/mnt/baker`. Baker iko Fort Portal! Na Stanley-0007 ninaiona kwa macho yangu ndani ya `/mnt/stanley`.

La pili, kazi za usiku zinasimama na ujumbe `Cannot find any appendable volumes` (haipati volyumu ya kuandikia) wakati diski ina nafasi tele baada ya ile rm.

La tatu, kuna asubuhi seva nzima ilikuwa imeganda, diski yake ya ndani imejaa hadi mwisho. Umeme ulikuwa umekatika usiku.

Kwenye `bacula-sd.conf`, mipangilio ya sehemu ya Bacula inayoandika kwenye diski, vifaa vyote viwili viko hivi, tofauti ni jina na folda tu:

```
Device {
  Name = Stanley
  Media Type = File
  Archive Device = /mnt/stanley
  LabelMedia = yes
  Random Access = yes
  AutomaticMount = yes
}
```

Kila diski ina Pool (kundi la volyumu) yake. Nisaidieni, mkaguzi anakuja mwisho wa mwezi.

---

wingu_tu (Kampala)

Ndugu, achana na diski za kubeba kwa teksi. Peleka kila kitu kwenye wingu, ulale.

---

kahawa_na_kebo

Bekapu kamili ni GB 900. Laini yetu ikiwa na siku njema inatoa megabiti 10 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya siku nane mfululizo kwa bekapu moja, na hapo hakuna karani aliyefungua hata barua pepe. Teksi ya Fort Portal inafika kabla ya chakula cha mchana.

---

shangazi_seva (Jinja)

Mwanangu, teksi yako usiiache. Kosa liko kwenye mstari mmoja uliouweka hapo juu bila kuushuku: `Media Type = File`, mara mbili.

Bacula haitafuti volyumu kwa jina la kifaa kama unavyodhani. Katalogi, yaani hifadhidata ya Bacula, inaandika kwamba Stanley-0007 ni ya aina "File". Ukiomba kurejesha, inatafuta kifaa chochote chenye aina "File" na kusema: weka humo. Mantiki hii ilitoka kwenye tepu. Kern Sibbald alianza kuiandika Bacula mwaka 2000, na kwenye tepu mambo yanakubali: tepu ya LTO (aina ya tepu za bekapu) inaingia kwenye drevu yoyote ya LTO inayolingana nayo. Faili iliyo ndani ya `/mnt/stanley` haiwezi kutembea yenyewe hadi `/mnt/baker`. Kwa hiyo folda mbili zikiwa na aina moja ya midia, umeidanganya programu, nayo imekuamini.

Kila diski ipe aina yake: `File-Stanley` na `File-Baker`. Badilisha kwenye Device ndani ya `bacula-sd.conf` NA kwenye Storage ndani ya `bacula-dir.conf`, maneno yafanane herufi kwa herufi. Jaribu kwanza kwa `bacula-sd -t -c /etc/bacula/bacula-sd.conf`, na `bacula-dir` vilevile. Upande wa Director (sehemu inayoratibu kazi) amri ya `reload` kwenye bconsole, dirisha la amri la Bacula, inatosha, lakini daemoni ya hifadhi (ile inayoandika kwenye diski) lazima uizime na kuiwasha. Wengi wanasahau hilo, kisha wanakuja hapa kusema ushauri haufanyi kazi.

Zile volyumu za zamani bado katalogi inaziita "File". Chukua nakala ya katalogi nzima kwanza, hakikisha hakuna kazi inayoendelea, kisha ndani ya hifadhidata:

```
UPDATE Media SET MediaType='File-Baker'
WHERE VolumeName LIKE 'Baker-%';
```

Na Stanley hivyo hivyo. Kabla ya hapo fanya `ls` kwenye kila diski uone kama kweli volyumu za Baker ziko Baker. Mahali ambapo rm imekuwa ikitembea, siamini majina.

Nikifika kwenye hiyo karatasi ya ukutani: ichane leo. Ukifuta faili kwa rm, katalogi haijui. Inaendelea kuhesabu kwamba volyumu zipo, zimejaa, na muda wa kuzitunza haujaisha, kwa hiyo haiwezi kuandika juu yake. Na kama umeweka `Maximum Volumes` (kikomo cha idadi ya volyumu), haiwezi kutengeneza nyingine. Ndiyo maana una nafasi tele na kazi zimesimama. Upande wa pili nao una mtego: `delete volume` kwenye bconsole inafuta kumbukumbu ya katalogi tu, faili inabaki kwenye diski ikila nafasi. Zile ambazo faili zake hazipo tena, zifute kwenye katalogi kwa `delete volume` moja moja, ukilinganisha na `ls`. Za diski iliyo Fort Portal usiziguse mpaka diski irudi mbele yako.

Baadaye diski isimamiwe na Pool yenyewe. Muda wa kawaida wa `Volume Retention` (muda wa kutunza volyumu) ni siku 365. Usipoubadilisha, utajaza diski miezi mingi kabla volyumu ya kwanza haijaruhusiwa kutumika tena. Mimi kwako ningeweka:

```
Maximum Volume Bytes = 50G
Maximum Volumes = 65
Volume Retention = 60 days
AutoPrune = yes
Recycle = yes
```

Mbona 65? Diski ya TB 4 dukani ni takriban 3,725 kwa "G" ya Bacula, maana Bacula inahesabu G kwa 1,024 na GB kwa 1,000. Tena ext4 (mfumo wa faili wa Linux) hutenga asilimia 5 kwa ajili ya root, mtumiaji mkuu, na kwenye Debian daemoni ya hifadhi haiendeshwi na root, kwa hiyo sehemu hiyo haiipati. 65 mara 50 ni 3,250. Unabaki na pumzi. Lakini piga hesabu na bekapu zako kamili: kila moja ni GB 900, kwa hiyo diski inabeba tatu na nyongeza ndogo za kila siku. Ukitaka kutunza zaidi ya hapo, nunua diski, usiongeze namba.

La kuganda ni rahisi. Umeme ulirudi, USB haikupanda (Linux haikuiunganisha na folda yake), `/mnt/stanley` ikabaki folda tupu kwenye diski ya ndani, na Bacula ikaandika humo kwa utii wote. Kwenye fstab (orodha ya diski za kupandisha) tumia UUID, yaani namba ya kipekee ya diski, usitumie `/dev/sdb`, na uongeze `nofail` ili seva iwake hata diski isipokuwepo. Halafu ndani ya diski yenyewe tengeneza folda, tuseme `vol`, uhamishie volyumu humo, uelekeze `Archive Device = /mnt/stanley/vol`. Diski isipopanda, folda hiyo haipo, na kazi inakataa kwa kelele badala ya kuijaza seva kimyakimya.

---

kahawa_na_kebo

Shangazi, asante sana. Karatasi imetoka ukutani. Swali dogo: siku ya Ijumaa, kuchomoa nafanyaje? Nimekuwa nikifanya umount ya Linux tu, mara nyingine inakataa ikisema kifaa kinatumika.

---

shangazi_seva

Ni daemoni imekishikilia. Kwenye bconsole: `status storage=Stanley` kwanza, uone hakuna kazi. Kisha `unmount storage=Stanley`, ndipo umount ya Linux. Diski ikirudi, panda Linux, halafu `mount storage=Stanley`. Ukisahau hiyo ya mwisho, kifaa kitabaki BLOCKED kwa sababu wewe mwenyewe ulikishusha, na kazi za usiku zitakungoja hadi asubuhi. Weka `Max Wait Time` kwenye Job (maelezo ya kazi ya bekapu) ili zisingoje milele.

Na kuna jambo hukuuliza. Bekapu za nyongeza (zinazobeba mabadiliko tu) zinajengwa juu ya bekapu kamili ya Job yenye jina hilohilo. Kama Job ni moja na unabadilisha diski, utakuwa na kamili kwenye Baker na nyongeza kwenye Stanley. Siku ya msiba utahitaji diski zote mbili, na moja itakuwa ndiyo iliyosombwa. Tengeneza Job mbili, Leja-Stanley na Leja-Baker, kila moja na Pool na Storage yake. Kila diski ijitegemee.

---

tepu_mzee (Mbale)

Shangazi amemaliza, naongeza viwili.

Diski inayosafiri kwa teksi ina majina na salio la wanachama. Sheria ya ulinzi wa data ya Uganda ya 2019 inamdai anayetunza taarifa hizo azilinde. Weka LUKS (usimbaji wa diski nzima kwenye Linux) kwenye diski zote mbili, na ufunguo usisafiri kwenye begi moja na diski. Mkaguzi ataliuliza hilo kabla ya Media Type.

Pili, kuna mtu atakushawishi ununue drevu ya tepu iliyotumika. Si wazo baya, mimi nazipenda, lakini angalia kizazi. LTO-5 inaandika LTO-5 na 4, inasoma hadi 3. Kaseti inayoandikwa TB 3 ni TB 1.5, hiyo nyingine ni ahadi ya kubana data, na picha zako za vitambulisho zilizoskaniwa tayari zimebanwa. Kwenye Bacula elekeza `/dev/nst0`, kamwe si `/dev/st0`, kwa sababu hiyo ya pili inarudisha tepu mwanzo kila inapofungwa na kazi inayofuata itaandika juu ya iliyotangulia. Endesha `btape`, chombo cha Bacula cha kupima tepu, na jaribio lake la `test` kabla ya kuiamini. Na kama matawi yanaingia kwa mtandao wa megabiti 100, washa `Spool Data`, inayokusanya data kwenye diski kwanza kabla ya kuipeleka kwenye tepu: drevu inataka MB 140 kwa sekunde, wewe unaipa kama 12, itakuwa inasimama na kurudi nyuma usiku kucha hadi kichwa kiishe.

---

kahawa_na_kebo

Nimefika hapa: aina za midia zimebadilishwa, seva imezimwa na kuwashwa, na leja ya Bwera imetoka Stanley-0007 bila kuulizwa Baker. Mhasibu ameshaichukua.

Volyumu hewa nimezikuta nyingi upande wa Stanley, nazifuta taratibu. Baker inarudi Ijumaa. LUKS itanilazimu kuifuta diski nzima na kuanza upya, sivyo? Nikianza na Baker ikiwa hapa, Stanley itabaki nakala pekee, nayo iko mjini kando ya mto.

---

tepu_mzee

Azima diski ya tatu kwa wiki moja. Nakili Baker nzima humo, ipeleke Fort Portal, ndipo ufute Baker.