Tupeane uzoefu: gugu sugu la shambani kwako, ulilishindaje?

Wandugu wakulima wa Bukavu na kandokando, mvua za Septemba ziko karibu. Tusimuliane. Usiandike tu "nilipalilia": tuambie ni gugu gani, linazaana kwa mbegu au kwa mizizi, na ulilikamata wakati gani.

Naanza. Shamba letu la Kabare lilijaa sangari, ile nyasi inayotambaa chini ya udongo kwa mizizi mirefu myeupe. Ukiikatakata kwa jembe umeipanda upya, maana kila kipande chenye kifundo kinachipua. Tulingoja Julai, jua likiwa kali, tukafukua kwa jembe uma, tukatikisa udongo na kuianika mizizi mpaka ikavunjika mkononi kama kuni. Hakuna iliyoingia kwenye samadi. Mvua iliponyesha tukapanda maharage ya kubanana na kung'oa machipukizi kila juma. Msimu wa pili ndipo tulipopumua.

Mama wa Bagira: Aksanti, papa. Kwangu ni yale ya majani matatu, machachu, ambayo watoto hutafuna. Ukivuta, jani linakuja, vitunguu vyake vidogo vinabaki chini. Mimi nachimbua na udongo wake, nachekecha, nachoma. Inafaa bustani ndogo. Shamba kubwa litakushinda.

Mzaliwa wa Kadutu, sasa Lubumbashi: Huku adui wa mahindi ni kiduha. Mizizi yake inaingia ndani ya mizizi ya mahindi na kunyonya. Mahindi yananyauka na mvua ipo, kiduha chenyewe hakijatokeza hata juu. Mmea mmoja hutoa maelfu ya mbegu laini kama vumbi, na zinaweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10. Ndiyo maana naking'oa kabla hakijachanua, nakichoma. Mwaka unaofuata napanda soya au karanga: mbegu za kiduha zinaamka, zinakosa pa kunyonya, zinakufa. Naweka samadi pia, kwani kiduha kinapenda udongo uliochoka.

Mama wa Panzi: Alizeti pori za kando ya barabara mimi sizichomi. Nakata majani mabichi kabla ya maua, nayafukia. Yana naitrojeni na potasiamu nyingi. Fimbo zake tu usiziache shambani, zinachipua.

Mwanzisha mada: Mama, unafukia muda gani kabla ya kupanda?

Mama wa Panzi: Juma moja au mawili, papa. Yaoze kwanza.