Kishikwambi cha Shangazi Rehema

Kikundi: FAMILIA YA KOROGWE
Ijumaa usiku

Mwl. Rehema: Asalaam aleykum wote. Baba shikamoo. Jamani naomba mawazo yenu. Kishikwambi ninachotumia ni cha shule, vile vya sensa ya 2022 tulivyogawiwa walimu. Mwezi wa kumi na mbili nastaafu, nakikabidhi. Nataka kununua cha kwangu. Kifanye kazi ya tuisheni na kiwe cha nyumbani pia, maana wajukuu wapo na Asha tunaonana naye kwa video kila jioni. Nimetenga laki nane. Sitaki zipotee.

Babu: Waaleykum salaam. Marahaba mwanangu. Mungu akufikishe salama kwenye kustaafu. Vijana mnaojua haya mambo, semeni.

Bakari: Dada, laki nane nyingi. Kuna jamaa stendi anauza tableti mpya, 512GB, RAM 12, kava na kibodi anakupa humo humo. Laki mbili na nusu. Nikuchukulie kesho?

Hamisi: Baba, tafadhali usichukue. Shangazi shikamoo.

Mwl. Rehema: Marahaba mwanangu. Kwa nini asichukue?

Hamisi: Hiyo 512 ni maandishi tu. Wanaichezea programu ya ndani, ukifungua mipangilio unasoma 512 wakati memori iliyomo ni 32 au 64. Mwanzoni inakwenda vizuri. Ukishajaza ile halisi, mafaili mapya yanaandikwa juu ya ya zamani, au unayaona majina yake lakini hayafunguki.

Mwanaidi: Wifi, msikilize Hamisi. Mimi yalinikuta. Niliweka picha zote za mishono ya wateja kwenye tableti ya namna hiyo. Mwezi wa tatu nikifungua picha naona kijivu kitupu. Vipimo vya harusi mbili vilikuwa humo. Nilirudi kwa kila mteja na futi yangu kuwapima upya, mmoja alishasafiri.

Bakari: Kumbe ndiyo hiyo! Basi nimeacha.

Twalha: Mama chukua iPad. Hutajuta.

Hamisi: Twalha subiri kidogo. Shangazi, tuache majina ya kampuni kwanza. Nieleze siku yako. Ukikishika asubuhi mpaka usiku unafanyia nini hasa?

Mwl. Rehema: Asubuhi natunga maswali kwenye Word. Alama nazijaza Excel, fomula nimezitunga mwenyewe: wastani, nafasi, na daraja. 75 kwenda juu A, 65 B, 45 C, 30 D, chini ya hapo F. Faili hilo ninalo miaka mingi, ni kama mkono wangu wa kulia. Jioni wanakuja wanafunzi tisa wa Kidato cha Nne hapa barazani, hao ubao unatosha. Shida yangu ni wale wawili, mmoja Handeni, mwingine Lushoto. Nawafundisha kwa video. Sasa hisabati haichapiki. Uandike sehemu juu ya sehemu, kipeuo, mabano, kwa kibodi ya kioo? Naishia kuandika kwenye karatasi, napiga picha, namtumia, naye anasubiri ifunguke. Swali moja dakika kumi.

Hamisi: Hapo umenijibu. Unachonunua ni kalamu, shangazi. Kishikwambi ndiyo daftari lake.

Mwl. Rehema: Kalamu ninayo, ile yenye kipira mbele. Haifai. Nikiweka kiganja kwenye kioo inachora mistari ovyo.

Hamisi: Hiyo kioo kinaiona kama kidole tu. Kuna kioo kinachoijua kalamu yake: ukiisogeza karibu, kiganja kinapuuzwa, unaandika umelaza mkono kama kwenye daftari. Ukikandamiza mstari unanenepa. Hiyo ndiyo ya kutafuta.

Twalha: Na iPad inayo.

Hamisi: Inayo, tena nzuri. Lakini inauzwa peke yake. iPad ya kawaida ya 2025, yenye chipu ya A16, ilipotoka bei yake ya Marekani ilikuwa dola 349, na kalamu yake ya bei nafuu dola 79. Ikifika hapa Dar na kava, laki nane zimeshapitwa. Na haina tundu la memori kadi.

Twalha: Lakini inatoa picha kwa kebo kwenye projekta. Tableti za Samsung za bei ya kati hazitoi. Mwalimu ataishije bila projekta?

Hamisi: Hilo ni kweli kabisa, na ningekuwa nafundisha darasani lingenifanya niongeze hela. Samsung za bei hiyo zinatuma picha bila waya, mpaka TV yenyewe iwe inakubali.

Mwl. Rehema: Projekta ni ya shule, nayo naiacha huko huko. Nyumbani nina mkeka na ubao. Endelea.

Hamisi: Basi zinabaki mbili. Galaxy Tab A9+, inchi 11, kioo kipana, bei nzuri, ila haikubali S Pen, ile kalamu ya Samsung. Kwa shangazi imeshatoka. Ya pili ni Galaxy Tab S6 Lite, inchi 10.4. Kalamu imo ndani ya boksi, huongezi hata mia. Na kalamu hiyo haina betri, haichajiwi.

Babu: Kalamu isiyochajiwa. Hiyo nimeipenda. Umeme hapa juzi ulikatika kuanzia alasiri mpaka saa nne usiku.

Mwl. Rehema: Baba umesema neno. Na kishikwambi chenyewe chaji kinakaa?

Hamisi: Betri yake ni mAh 7,040. Kwa kuandika na kusoma unamaliza siku. Video ndiyo inakula. Pawabenki ya mAh 20,000, ikiwa ya kweli, inakijaza kama mara mbili, maana nyingine inapotea njiani kwa joto. Ila shangazi nikuambie ubaya wake pia: RAM yake, yaani memori ya kuendeshea kazi, ni 4GB. Ukifungua video, Excel na mafaili kumi kwa pamoja, kitajikokota. Fungua unachotumia, kingine funga.

Asha (Muscat): Asalaam aleykum. Ndiyo nimetoka kazini. Babu shikamoo, mama shikamoo. Nimesoma yote. Mama kwa nini nisikununulie huku? Nakuja mwezi wa kumi na mbili. Hata plagi ya huku ni pini tatu kama za nyumbani.

Mwl. Rehema: Marahaba mama yangu. Nimefurahi. Lakini kikiharibika nakirudisha Muscat?

Asha (Muscat): Hapo sikupafikiria.

Hamisi: Da Asha, tuma hela badala ya boksi. Kikinunuliwa Kariakoo na risiti ya EFD, kikisumbua mimi ndiye narudi dukani, ni mwendo wa daladala moja.

Asha (Muscat): Sawa. Mama hizo laki nane weka tatu, zilizobaki mimi. Hilo usinibishie.

Mwl. Rehema: Mungu akuzidishie mwanangu. Sina neno.

Mwanaidi: Wifi, na watoto je? Samir akikiona tu ni katuni mpaka usiku.

Mwl. Rehema: Hilo ndilo linalonitisha kuliko yote. Sijawahi kuwaambia. Mwaka jana Samir alichukua simu yangu, akabonyeza bonyeza, akatuma jaribio la hisabati kwenye kikundi cha wazazi. Usiku wa kuamkia siku ya mtihani! Nililifuta lakini wazazi sita walishaliona. Nilikaa mpaka saa nane usiku natunga jingine. Mtoto sikumpiga, kosa lilikuwa la kwangu, simu ya kazi nilimpa ya kuchezea. Ndiyo maana nauliza sana. Kitu kimoja kitabebaje mitihani na katuni?

Hamisi: Pole sana shangazi. Kwa Android ya tableti linawezekana. Unatengeneza mtumiaji wa pili. Wewe una upande wako wenye namba ya siri, watoto wana wao. Akiingia upande wake haoni faili lako hata moja, wala WhatsApp yako, wala picha zako. Ni kama vyumba viwili vyenye funguo tofauti.

Twalha: Kwenye iPad hilo halipo kwa matumizi ya nyumbani, nakiri. Unaweza kumfungia mtoto ndani ya programu moja tu, ila watumiaji wawili hapana.

Mwl. Rehema: Na WhatsApp nitaiweka humo bila laini?

Hamisi: Unaiunganisha na simu yako kwa kupiga picha ile alama ya miraba. Simu yako inabaki ndiyo kuu. Usikae zaidi ya siku 14 bila kufungua WhatsApp kwenye simu, tableti itajitoa.

Jumamosi asubuhi

Hamisi: Shangazi kuna jambo nilisahau jana, na ni kubwa. Word na Excel kwenye tableti: kioo kikizidi inchi 10.1, Microsoft wanakuruhusu kusoma tu bure. Kuhariri mpaka ulipie kila mwezi au kila mwaka. S6 Lite ni 10.4. Imezidi kwa urefu wa ukucha.

Mwl. Rehema: Eh! Sasa faili langu la alama?

Hamisi: Nitumie nakala, lakini futa majina ya wanafunzi, weka namba tu. Nataka kulijaribu kwenye Google Sheets, hiyo ni ya bure.

Mwl. Rehema: Nimekutumia.

Hamisi: Limefunguka. Wastani sawa, nafasi sawa. Nimejaribu madaraja: 74 imetoa B, 75 imetoa A, 44 imetoa D, 29 imetoa F.

Mwl. Rehema: 45?

Hamisi: C. Kilichohama ni kichwa cha ukurasa ukitaka kuchapisha, jina la shule limeshuka mstari wa pili. Nitakurekebishia. Na nitakuwashia lile la kutumia bila intaneti, bando likiisha bado unajaza alama, likirudi linajipeleka lenyewe.

Mwl. Rehema: Alhamdulillah. Usiku sikulala kwa ajili ya hilo faili.

Bakari: Hamisi mwanangu, kesho kutwa ukienda Kariakoo angalia wasikuuzie cha zamani.

Hamisi: Hapo baba ndipo wengi wanapopigwa. Jina S6 Lite limetumika mara tatu: 2020, 2022 na 2024. Boksi zinafanana. Tofauti ni namba ndogo ubavuni. Kwa zile za kuweka laini ya simu, ya 2020 ni SM-P615, ya 2022 ni SM-P619, ya 2024 ni SM-P625. Mimi nataka P625. Wakinionyesha P615 kwa bei ya P625 naondoka.

Twalha: Yenye laini ya nini? Si atumie hotspot ya simu?

Hamisi: Hotspot inamaliza chaji ya simu, na umeme ukikatika simu ndiyo taa yake. Akiwa na laini humo, simu inapumzika. Na yenye laini ina IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, tunaikagua kabla ya kulipa: *#06#, au ndani ya mipangilio, namba inayotoka unaituma 15090, TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, wanakujibu ni kifaa gani. Jibu likitaja kifaa kingine, hatununui.

Babu: Fanyeni hivyo. Na GB ngapi?

Hamisi: 64 inatosha babu, ina tundu la memori kadi. Video za masomo na katuni tutaziweka kwenye kadi, mitihani ibaki ndani.

Jumatano jioni

Hamisi: Shangazi, kimepatikana. SM-P625. IMEI imejibu sawasawa. Duka la kwanza walinitolea P619 wakasema "ni ile ile", nikashukuru nikatoka. Nimelipa laki saba na tisini na kava na kioo cha kinga. Risiti nimeipiga picha, ya karatasi imo ndani ya boksi. Kesho nakiweka kwenye basi la asubuhi, dereva ni yule wa siku zote.

Asha (Muscat): Hamisi Mungu akulipe.

Ijumaa usiku

Mwl. Rehema: Jamani kimefika. Twalha amenitengenezea pande mbili, wangu na wa watoto. Samir ameingia kwake, katafuta WhatsApp ya bibi, hakuiona, karudi kwenye katuni zake. Leo nimefundisha wa Handeni. Ninaandika, naye anaona kila herufi inavyoandikwa. Maswali manne kwa nusu saa! Mtoto kaniuliza, mwalimu leo umehamia huku?

Mwl. Rehema: [Picha]
x² − x − 6 = 0
(x − 3)(x + 2) = 0
x = 3 au x = 2

Mwanaidi: Mwandiko ni ule ule wa kwenye ubao! Hongera wifi.

Asha (Muscat): Mama nimelia huku. Mwandiko wako nauona kama niko barazani.

Babu: Rehema, mstari wa mwisho. x ya pili ni hasi.

Mwl. Rehema: Kweli baba. Ngoja nifute.

Mwl. Rehema: [Picha]
x = 3 au x = −2

Babu: Sahihi.