Naombeni ushauri: klabu ya nyuma ya nyumba inatunyima usingizi siku nne kwa wiki

BintiKisauni

Assalam alaykum na habari za jioni wanajamvi. Nimekuwa nikisoma tu hapa kwa muda mrefu bila kuandika, lakini sasa yamenifika shingoni.

Naishi Kisauni, Mombasa, katika nyumba aliyoijenga marehemu baba. Ni nyumba yetu, si ya kupanga, kwa hiyo nawaomba msiniambie nihame kabla hamjanisikiliza. Nyuma yetu palikuwa na stoo ya simiti. Mwezi wa pili ukuta wa mbele ukavunjwa, pakapakwa rangi, pakawa klabu. Juu ni mabati matupu. Upande unaotazama kwetu uko wazi, na spika nne zimetundikwa zikaelekea huku huku tuliko. Nimehesabu hatua kutoka pale mpaka dirisha la chumba cha mama: 41.

Alhamisi hadi Jumapili muziki huanza saa tatu usiku na hauzimwi mpaka saa tisa, siku nyingine mpaka adhana ya alfajiri. Maneno ya nyimbo siyasikii hata. Kinachotuumiza ni ule mdundo, maana unapita ukutani na vikombe vinalia kabatini. Mama ana miaka 74 na alipata kiharusi mwaka juzi. Nampima presha kila asubuhi na kuandika, na asubuhi za Ijumaa mpaka Jumatatu huwa juu kuliko za katikati ya wiki. Mwanangu yuko kidato cha nne. Kila Alhamisi anavuka feri na begi la vitabu kwenda kulala kwa shangazi yake Likoni ili apate kusoma. Hilo ndilo linaloniliza.

Nimekwenda kwa meneja. Alinipa kiti na soda, tukazungumza vizuri, sauti ikashuka siku mbili, ya tatu ikarudi. Mzee wa mtaa akaniambia "hao wana leseni". Polisi nimewapigia mara tatu, wakaja mara mbili. Gari likitokea kwenye kona muziki unashuka, likiondoka unapanda.

Na kuna hili. Mpwa wangu anaosha gilasi pale klabuni. Jirani yangu wa ubavuni anauza viazi karai na mishkaki mlangoni pao, na biashara hiyo ndiyo inayolipa karo ya wanawe. Sitaki pafungwe. Nataka tulale. Sheria yasemaje, na naanzia wapi?

Mwanachangamwe

Pole sana dada, na umpe pole mama. Mimi nakushauri jambo moja tu: nunua daftari leo. Andika tarehe, saa muziki ulipoanza, saa ulipozimwa, nani aliamka, ulimpigia nani na alijibu nini. Ulipowapigia polisi, je, waliandika kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni? Kama hukupewa nambari ya OB, ujue kwenye kumbukumbu zao hukuwahi kulalamika. Mara nyingine nenda kituoni mwenyewe, na usiondoke kaunta bila nambari.

AfisaMstaafu

Nimefanya kazi ya afya ya umma kwenye kaunti miaka mingi, na malalamiko ya kelele yalikuwa hayakosekani mezani. Soma polepole, kwa sababu haya ndiyo utakayoyahitaji.

Kenya tuna Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, Tangazo la Sheria nambari 61, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999. Zinagawa maeneo. Kwenye makazi, kelele ya nje isizidi desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, 50 mchana na 35 usiku. Makazi yaliyochanganyika na biashara na sehemu za starehe, ambako bila shaka wenye klabu watadai ndiko mliko, mchana ni 55, lakini usiku ni 35 ile ile. Na hapa ndipo wengi hawajui: usiku kwa kanuni hizi hauanzi saa sita, wala saa nne. Unaanza saa mbili na dakika moja, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo muziki wako wa saa tatu unaanza usiku ukiwa tayari umeshaingia kisheria.

Desibeli 35 ni ukimya wa chumba ambamo unasikia saa ya ukutani ikigonga. Kila zikiongezeka 10, nguvu ya sauti imekuwa mara kumi, ingawa sikio huisikia kama imekuwa maradufu tu. Spika nne chini ya mabati, hatua 41 kutoka dirishani, haziwezi kukaa ndani ya kiwango hicho hata kwa bahati.

Sasa neno "wana leseni". Leseni ya vileo inamruhusu mtu kuuza pombe, haimruhusu kupiga kelele. Anayetaka kupita kiwango hana budi kuomba kibali chake cha pekee, cha muda mfupi, kutoka NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira. Mwambie mzee wa mtaa aulize kama kibali hicho kipo.

Milango ni miwili. NEMA wana ofisi katika kila kaunti. Na Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeiweka kelele miongoni mwa kazi za kaunti, kwa hiyo idara ya mazingira na ya afya ya umma haziwezi kukurudisha kwa kusema si kazi yao. Peleka barua kote kuwili siku moja, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba waje kupima usiku, tena Ijumaa au Jumamosi. Nimeona maofisa wakienda saa nne asubuhi, wanakuta mfagizi peke yake, wanaandika "hakuna kelele". Programu ya simu ya kupimia sauti itumie kujua hali tu. Mbele ya sheria, kipimo ni cha ofisa mwenye mtambo uliorekebishwa.

JijiHalilali

Mnamtia dada moyo bure. Ukikaa mjini ukubali ya mjini. Na harusi je? Huku Pwani ngoma za harusi zinakesha, maturubai yanafunga njia, mbona hakuna anayeandika barua? Watu wakiweka pesa zao na kuajiri vijana ndipo mnazikumbuka kanuni.

BintiKisauni

Ndugu yangu, nimekuelewa, na jambo la vijana nimeliandika mwenyewe juu hapo. Lakini harusi ya jirani ni usiku mmoja. Tumealikwa, tumechambua mchele pamoja, na mgonjwa akiwapo mwenye shughuli anakuja mwenyewe kuomba radhi kabla ya ngoma kuanza. Hii ni siku nne kwa wiki tangu mwezi wa pili, na hakuna aliyekuja kumtazama mama.

AfisaMstaafu

Na kanuni zenyewe zinatazama hivyo hivyo. Katika kuamua kama kelele ni kero, huangaliwa saa ilipopigwa, ukaribu wa makazi, kama inajirudia au ni ya mara moja, kama imekuzwa kwa mitambo, na kama ingeweza kupunguzwa bila gharama isiyo ya kiasi. Hilo la mwisho dada likumbuke.

FundiSpika_001

Hapo kwenye gharama niacheni niseme, kwa sababu nafunga mitambo ya sauti kwenye maklabu na mahoteli. Mdundo unaowatesa unatoka kwenye sabufa, ile spika kubwa ya besi, yaani sauti nzito. Sauti nyembamba huzuiwa na ukuta au hata pazia zito, besi haijali. Kuzungusha spika zitazame ndani ni kazi ya saa moja. Kuinua sabufa kutoka sakafuni na kuilaza juu ya mpira kunapunguza mtetemo. Upande ulio wazi ujengwe ukuta wa tofali, na chini ya mabati iwekwe dari. Halafu kuna kifaa cha kufungia kiwango: mwenye mali anakiweka, anakifunga kwa ufunguo, DJ hata akisukuma vitufe vyote sauti haipandi.

Usihangaike na DJ, dada, wala meneja. DJ analipwa kwa kuchangamsha watu, naye meneja anahesabu kreti. Mtafute mwenye mali. Kazi ya aina hii nimeifanya mara nyingi, na baa zile zinaendelea na biashara mpaka leo.

Nesi_wa_Zamu

Nilitaka kusema juu ya mama. Usingizi unaokatika usiku baada ya usiku huusukuma moyo na presha hata kama mtu hakumbuki kuamka. Shirika la Afya Duniani, kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza mwaka 2009 wastani wa kelele za usiku nje ya nyumba usizidi desibeli 40. Ule ukurasa wa presha unaouandika mpelekee daktari wake, aandike barua fupi, uiambatanishe na malalamiko. Na kwa sasa, usiku wa Alhamisi mhamishie mama chumba kilicho upande wa mbele, kama kipo.

Mkazi_Temeke

Salamu kutoka Dar. Huku tunaanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha mtendaji, kisha NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, nasi tuna kanuni zetu za kelele za mwaka 2015. Watu walikuwa wakisema hazina meno, mpaka Mei 2023 NEMC walipofungia baa na kumbi 89 kwa kelele. Wenye kumbi waliopuuza barua za wakazi walilia sana. Mwambie mwenye klabu hilo kwa upole, huenda akaona kujenga ukuta ni nafuu.

Wakili_Mdogo

Naongeza machache. Kwanza, ulizeni leseni yao ni ya aina gani. Kwa sheria ya kitaifa ya vileo ya 2010, ile watu waliyoiita ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, baa ya kawaida huuza saa kumi na moja jioni hadi saa tano usiku siku za kazi, na kuanzia saa nane mchana hadi saa tano usiku mwisho wa wiki. Klabu ya usiku ina leseni nyingine. Mara nyingi mtu ana karatasi ya baa na anaendesha klabu, na hapo huhitaji hata kipimo cha desibeli.

Pili, leseni huombwa upya, na mkazi ana haki ya kuweka pingamizi kwa maandishi mbele ya kamati ya leseni. Wamiliki wengi huiogopa siku hiyo kuliko karandinga la polisi. Pingamizi si lazima liseme "mnyimeni". Laweza kusema "mpeni kwa masharti haya", na hapo yaandikwe yale aliyoyasema fundi, moja baada ya jingine. Mpwa wako atabaki na kazi, viazi karai vitauzwa.

Tatu, ikishindikana kote, kuna Kamati ya Kitaifa ya Malalamiko ya Mazingira, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 70 cha Katiba hakikutaki uthibitishe kwamba umeshapata hasara au madhara ndipo usikilizwe. Lakini usianzie huko.

Na usisaini peke yako. Barua ya mtu mmoja ni ugomvi wa majirani.

BintiKisauni

Nimekaa siku tisa bila kuandika, mnisamehe. Allah awalipe nyote.

Jumapili baada ya Magharibi niliwaita majirani barazani. Nilidhani watakuja watatu. Walikuja kumi na wanne. Mmoja ana mtoto mchanga, mwingine ni dereva wa lori anayetoka saa kumi alfajiri, naye akasema ameshasinzia kwenye usukani mara mbili akapiga kimya akidhani ni uzee. Wa viazi karai alikaa pembeni muda mrefu. Nilipomsomea masharti ya fundi, spika zigeuke, ukuta ujengwe, sauti ishuke, akaomba kalamu akasaini wa tano.

Barua zimekwenda NEMA na kaunti, nakala zina muhuri. Ya daktari imo. Mpwa wangu alinipa nambari ya mwenye mali, anakaa Nairobi. Nilimpigia jana mchana. Alinyamaza nilipomtajia saa mbili na dakika moja, akaniuliza mara mbili kama nina hakika, kisha akaniuliza mama anaendeleaje. Amesema atashuka Jumamosi na fundi wake. Ofisa wa kaunti naye amesema watakuja kupima Ijumaa usiku, na nimemwomba aje baada ya saa tano.

FundiSpika, kile kifaa cha kufungia kiwango, ufunguo unakaa kwa nani? Nataka nijue kabla ya Jumamosi.

FundiSpika_001

Kwa mwenye mali, dada, si kwa meneja. Na mwambie kiwango kipangwe muziki ukiwa umewashwa, wewe ukiwa umesimama chumbani kwa mama na simu mkononi, umwambie fundi shusha, shusha, mpaka vikombe vinyamaze.