Mjadala: Vyuo vya Marekani vinahama ligi kufuata pesa za televisheni. Shabiki wa siku zote anabaki na nani?

Mleta mada (Spokane)

Wakuu, salaam. Huu ni mwaka wa kumi na tatu niko Spokane, mashariki mwa jimbo la Washington. Mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti, nilifundishwa na jirani yangu, mzee mstaafu aliyekuwa akiendesha lori la ngano. Timu yake ni Washington State, chuo cha Pullman, kama saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa.

Kwa wasiofuatilia: timu za vyuo huku hucheza katika makundi yanayoitwa konferensi, na kila konferensi huuza haki za matangazo kwa pamoja kisha vyuo vikagawana. Ya upande wetu ni Pac-12, yenye mizizi ya tangu 1915. Juni 2022 USC na UCLA, vyuo vya Los Angeles, vikatangaza vinahamia Big Ten, konferensi ya akina Michigan na Ohio State. Julai 2023 Colorado nayo ikaaga, na tarehe 4 Agosti vikaondoka vitano siku moja: Oregon na Washington (chuo cha Seattle, si hiki cha Pullman) kwenda Big Ten; Arizona, Arizona State na Utah kwenda konferensi ya Big 12. Stanford na California vikaenda kujibanza ACC, konferensi ya Pwani ya Atlantiki! Watu wa California wako Berkeley, Pasifiki wanaiona dirishani. (Big Ten sasa ina vyuo 18 na Big 12 ina 16, kwa hiyo msiniulize hesabu.) Wakabaki wawili tu: Oregon State na hao wa mzee wangu.

Kinachoniuma ni Apple Cup, mechi ya watani wa jadi, Washington State na Washington. Kwa miaka mingi ilichezwa Novemba, wiki ya sikukuu ya Thanksgiving. Mara moja mzee alinichukua. Tuliegesha asubuhi na mapema, akashusha mlango wa nyuma wa pikapu, akafungua Cougar Gold, jibini inayotengenezwa na chuo chenyewe na kuuzwa ndani ya kopo la bati. Akawa anakata vipande kwa kisu cha mfukoni, glavu mkononi, pua zinatutoka maji kwa baridi. Wenye jezi za zambarau za Washington wakipita aliwapa kipande na tusi kwa pamoja, nao wakapokea vyote.

Mwaka 2024 ikapelekwa tarehe 14 Septemba, Seattle, kwenye uwanja wa timu ya kulipwa. Wanafunzi wa Washington wenyewe hawajafungua, maana masomo yao huanza mwisho wa mwezi huo. Washington State tukashinda 24-19. Mzee alitazama sebuleni kwake, akazima televisheni, akaniuliza, "Apple Cup gani hii ya kuchezwa watu wako kaptula?"

Hoja yangu: televisheni hulipia mtazamaji mpya. Mzee hakuhesabiwa popote kwa sababu kila mtu alijua haendi kokote.

Mkaazi wa Eugene

Mkuu, pole, lakini mimi ni wa Oregon na sioni aibu. Tangu 1984, Mahakama ya Juu ilipoivua NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, mamlaka juu ya matangazo, hii ni biashara. Big Ten ilisaini na Fox, CBS na NBC mkataba wa miaka saba, zaidi ya dola bilioni 7. Pac-12 ilikuwa na nini mezani? Ofa ya kampuni ya Apple, mtu ajiandikishe na kulipia ndipo aone. Sisi tumeingia Big Ten kwa mgawo wa nusu na bado tumepata nafuu. Msimu wa kwanza tu tukachukua ubingwa wao, Penn State 45-37. Na sasa wachezaji wanalipwa na vyuo moja kwa moja, zitoke wapi? Kwenye jibini?

Mama Voliboli

Kaka wa Eugene, pesa ni za futiboli, huo mpira wenu wa helmeti, miguu ni ya wengine. Mtoto wa dada yangu anacheza voliboli kwenye chuo kimojawapo kilichohama. Futiboli wanasafiri wikiendi moja na kurudi. Yeye anafanya kazi za darasani ndani ya ndege, anatua usiku, asubuhi ana mtihani.

Mgeni wa Leeds

Aprili 2021 klabu 12 za Ulaya zilitangaza Super League. Mashabiki wa Chelsea wakafunga barabara, na ndani ya siku mbili klabu zote sita za Uingereza zikajitoa. Ninyi huko mlifanya nini zaidi ya kununua jezi mpya?

Mleta mada (Spokane)

Mgeni wa Leeds, umenigusa penyewe. Kule kila shabiki aliona anaibiwa. Huku nusu walikuwa wanapanda basi na nusu wanaachwa kituoni, na aliyepata kiti hashuki kumsaidia aliyebaki. Nikiwa mkweli, Big Ten ingepiga simu Pullman, tungepanda.

Na wa Eugene hajasema linaloniumbua. Hawa wawili walioachwa walikwenda mahakamani, wakapewa usukani wa Pac-12 na mali zake. Kisha wakafanya nini? 2024 wakaichukua Boise State na wenzake wanne kutoka Mountain West, konferensi nyingine, waanze pamoja 2026. Huko Wyoming na New Mexico, walioachwa Mountain West, sasa kuna mzee mwingine na pikapu yake.

Nilimweleza wangu hayo. Akakaa kimya, akauliza Boise ni saa ngapi kwa gari.

Mkaazi wa Eugene

Ni mbali, lakini barabara nzuri. Mwambie abebe kopo mbili.