Naomba ushauri: nyumba ya zamani Ngamiani, nikarabati au nivunje?

Habari zenu wakuu. Nimepata nyumba ya kununua hapa Tanga, Ngamiani. Ni ile ya Kiswahili, vyumba sita, korido katikati, choo na jiko uani. Kuta ni boriti za mikoko na udongo, juu yake wamepiga plasta ya saruji.

Jana niliikagua na fundi. Alipogonga ukuta wa chumba cha nyuma, plasta ilidondoka kipande kizima, nyuma yake udongo umelowa na chumvi nyeupe imetanda hadi usawa wa goti. Bati nalo lina kutu. Fundi anasema tuvunje tujenge kwa tofali. Mzee mmoja jirani anasema tatizo ni hiyo saruji inayofungia unyevu, nirudishie chokaa.

Mimi nataka kupangisha chumba kimoja kimoja, na ile baraza ya mbele naipenda mno, sitaki kuipoteza. Hela yangu haitoshi kujenga upya kwa mkupuo.

Waliowahi kukarabati nyumba za aina hii, chokaa ilidumu? Na nianze na paa au kuta? Muuzaji ananisubiri hadi Ijumaa.